Mwilini Hakuna Mfalme

Katika mijadala ya chama chetu hakosekani mtu wa kusimama mbele, akakohoa kidogo kulainisha koo, kisha akatangaza kwamba mwili ni ufalme na ubongo ndio mfalme wake. Makofi humiminika kama mvua ya masika. Mpinzani naye husimama akadai kwamba mfalme ni moyo, maana moyo ukisimama hata huo ubongo hauna la kusema. Makofi tena. Mimi huketi kule nyuma nikitabasamu. Sitabasamu kwa dharau, hasha! Ni vile tu nina ushahidi ndani ya mwili wangu mwenyewe kwamba wote wawili wamepotea njia.

Nina ugonjwa wa kisukari, ule wa aina ya kwanza. Kilichonipungukia si ubongo (ingawa mwalimu wangu wa hisabati ana maoni yake) wala si moyo. Nimepungukiwa na seli fulani ndogo ndogo zilizojificha ndani ya kongosho, kile kiungo kirefu kilicholala nyuma ya tumbo. Ukizikusanya seli hizo zote za mtu mzima ukazitia kwenye mizani, hazizidi gramu chache. Zilipokufa zangu, huo unaoitwa ufalme ulitikisika mzima mzima, ubongo na moyo vikiwa vizima kabisa, hadi nikabebwa hospitalini sijitambui.

Nashika kalamu kwa sababu ya maswali. Tangu nilipoingia Kidato cha Kwanza nimeulizwa hadi nimechoka kujibu mmoja mmoja. Mbona unajidunga sindano bwenini? Mbona wewe unaruhusiwa kula darasani na sisi tukipatikana na ndizi tunaadhibiwa? Na siku ile uwanjani, mbona ulitetemeka kama mtu aliyepandwa na pepo? Hilo la mwisho ndilo kubwa. Lakini siwezi kulijibu kabla sijaeleza jinsi sehemu za mwili zinavyozungumza, kwa hivyo nivumilie kidogo.

Mwili una njia mbili za kupelekeana habari. Ya kwanza ni neva. Neva ni seli kama seli nyingine, ila ina mkia. Mkia huo unaweza kuwa mrefu ajabu. Ile inayotoka chini ya uti wa mgongo hadi kidole cha mguu hufika mita 1 hivi, nayo ni seli moja tu! Habari hupita kwenye mkia kwa njia ya umeme, lakini si umeme wa nyaya za nyumbani. Chembe za sodiamu huingia ndani ya mkia, chembe za potasiamu zikatoka, mlango baada ya mlango, kama wimbi la makofi linavyoanza upande mmoja wa jumba likaishia upande wa pili. Neva zilizo na kasi zaidi hupitisha habari kwa mita 120 hivi kila sekunde. Hakuna matatu inayoweza kushindana na hapo, hata zile za kwetu.

Sasa wewe fikiria siku uliyoshika sufuria ya moto bila kitambaa. Mkono uliruka wenyewe. Uchungu ulikuja baadaye. Habari ilikimbia kutoka kidoleni hadi kwenye uti wa mgongo, na hapo hapo amri ikarudi kwa misuli: ondoka! Ubongo uliletewa taarifa baada ya shughuli kwisha. Je, huyu ni mfalme wa namna gani, ambaye vita hupiganwa vikaisha ndipo aamshwe?

Njia ya pili ni homoni, nayo ni polepole zaidi. Tezi humwaga kemikali ndani ya damu, na damu huizungusha mwili mzima kwa dakika 1 hivi. Mfano wake ni tangazo la gwaride. Mwalimu wa zamu akisema, "Wanafunzi wote wa jiografia wabaki hapa," shule nzima inasikia, lakini wa jiografia pekee ndio wanaobaki. Sisi wengine tunakwenda zetu. Homoni nayo hupita kila mahali, lakini ni seli zenye sikio la kuipokea tu ndizo zinazoitika.

Kumbe zamani hata wataalamu hawakuijua njia hii ya pili! Hadi kuanzia karne ya 20, wengi waliamini kwamba kila amri mwilini hupita kwenye neva. Mnamo 1902 kule London, mabwana wawili, William Bayliss na Ernest Starling, walichukua kipande cha utumbo wa mbwa, wakakata neva zote zilizokiunganisha na mwili, wakabakisha mishipa ya damu peke yake. Kisha wakatia asidi ndani ya utumbo ule. Chakula kinapotoka tumboni huwa na asidi, na kongosho hujibu kwa kumwaga maji yake ya kusagia chakula. Safari hii neva hazikuwepo, lakini kongosho ilijibu vile vile. Basi habari ilipitia wapi kama si kwenye damu? Mwaka 1905 Starling akalitumia neno "homoni", kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea au kuamsha. Mimi hupenda kukumbuka kwamba kiungo kilichofumbua macho ya wataalamu siku ile ndicho hicho hicho kilichonisaliti mimi.

Tena usidhani kwamba neva ni umeme mtupu na homoni ni kemikali tupu, ukazitenga kama mafuta na maji. Mkia wa neva ukifika mwisho, aghalabu kuna mwanya mdogo mno kabla ya seli inayofuata, na umeme huo hauwezi kuuruka. Aliyethibitisha jinsi mwanya unavyovukwa ni Otto Loewi wa Austria. Alisimulia kwamba aliota usiku jinsi ya kufanya jaribio lake, akaamka akaandika kwenye kikaratasi, na asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake mwenyewe! (Walimu wanaosahihisha insha zetu watamhurumia.) Usiku uliofuata ndoto ikarudi, na safari hii hakungoja asubuhi, akaenda moja kwa moja maabarani. Alichukua mioyo miwili ya vyura iliyokuwa bado inapiga. Akaisisimua neva ya moyo wa kwanza hadi ukapunguza mwendo, kisha akachukua maji yaliyouzunguka akayatia kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mwendo, ingawa hakuna aliyeigusa neva yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1921. Maana yake ni kwamba neva ikifika mwisho wa mkia hunong'ona kwa kemikali, kama homoni, ila yenyewe hunong'oneza jirani sikioni badala ya kutangaza gwarideni.

Haya, sasa tuje kwenye sukari.

Damu yote ya mtu mzima mwenye afya, lita 5 hivi, ina sukari isiyozidi kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja! Tunapokunywa chai ya saa nne tunamimina tumboni zaidi ya hicho, lakini damu haigeuki kuwa asali. Inayofanya kazi hapo ni insulini, homoni inayotolewa na zile seli zangu za marehemu. Insulini huwaambia misuli na mafuta, "Fungueni milango, chukueni sukari," na ini huliambia, "Weka akiba." Sukari ikipungua, insulini hunyamaza, na homoni nyingine ya kongosho iitwayo glukagoni huliambia ini, "Toa ile akiba." Huyu akipandisha, yule anashusha, usiku na mchana, na wewe umelala fofofo.

Neva nazo zimo. Harufu ya mandazi inapotoka jikoni, kabla hujatia kitu kinywani, ubongo tayari umetuma habari kupitia neva ndefu inayoshuka kifuani hadi tumboni. Jina lake la Kilatini lina maana ya mzururaji, na kweli inazurura: inapita kwenye moyo, mapafu, tumbo, hadi kongosho. Hapo insulini kidogo huanza kutoka, kama mpishi anayeosha sufuria akisikia wageni bado wako njiani. Nani aliyeamuru? Pua? Ubongo? Kongosho? Mimi sioni mfalme hapo. Naona watu wa nyumba moja wanaoitana na kuitikiana.

Kwangu mimi mmoja wa nyumba hiyo alinyamaza. Askari wa mwili, wale wanaotukinga na vijidudu, walizigeukia seli za insulini wakaziua kana kwamba ni adui. Sikula sukari nyingi kuliko wewe, wala sikurogwa, ingawa hayo yote yalisemwa. Nilikuwa darasa la saba. Nilianza kunywa maji kama ngamia, nikikojoa kila saa, nikakonda hadi sare ikaning'inia. Zahanati moja ilinitibu malaria mara mbili bila kunipima sukari. Jirani mmoja akamshauri mama anipeleke kwa mganga. Wakati huo sukari ilikuwa imejaa tele ndani ya damu huku seli zangu zikifa njaa, mithili ya mtu anayekufa kiu katikati ya ziwa. Mwili ulianza kuunguza mafuta ovyo, asidi ikajaa katika damu, nikaanza kupumua kwa nguvu na pumzi ikanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Ni daktari mmoja kijana aliyeinusa pumzi hiyo, akachoma kidole changu, akaona namba, akakimbia. Kukimbia hasa, si kutembea haraka.

Ningalizaliwa miaka mia moja na ushee nyuma, singekuwa hapa kuwachosha kwa maelezo haya. Tangu 1889, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walikuwa wameonyesha kwamba mbwa akiondolewa kongosho hupata kisukari. Lakini kujua chanzo si kupata dawa. Watoto wenye ugonjwa huu waliwekwa kwenye njaa ili waishi miezi michache zaidi. Mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best, kule Toronto nchini Kanada, walipata maji ya kongosho yaliyoshusha sukari ya mbwa. Januari 1922 kijana aitwaye Leonard Thompson alidungwa dawa hiyo. Ya kwanza ilikuwa na uchafu, haikumfaa sana. Siku chache baadaye James Collip alikuwa ameisafisha vyema zaidi, na hiyo ikafanya kazi. Leonard aliishi miaka 13 zaidi. Wagunduzi waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya dawa hiyo kwa dola 1 kila mmoja. Nikiangalia bei ya insulini anayolipa mama, huwa natamani wauzaji wa leo wangepata hata robo ya moyo ule.

Basi ile sindano ya bwenini ndiyo hiyo. Kuna mtu, simtaji, aliyekwenda kwa mwalimu wa zamu kusema kwamba najidunga dawa za kulevya. Sanduku langu likapekuliwa mbele ya bweni zima. Sikulia hapo, nilikwenda kulia nyuma ya tangi la maji. Aliyenisaidia ni muuguzi wa shule, tunayemwita Sista, aliyekuja gwarideni kesho yake akaeleza kwa dakika tano tu kwamba dawa ile ni kitu ambacho kila mmoja pale hujitengenezea mwenyewe bila kujua.

Lakini insulini ya kudungwa ina upungufu mmoja mkubwa, na hapa ndipo lilipo jibu la swali la uwanjani. Insulini yako wewe husikia. Sukari ikishuka, kongosho yako inaacha mara moja. Yangu ni kiziwi. Nikishaidunga asubuhi, ni kama barua iliyokwisha kutiwa posta. Siwezi kuikimbilia na kuirudisha. Nisipokula kwa wakati, au nikikimbia sana, yenyewe inaendelea kuamuru tu: "Chukueni sukari, chukueni sukari!" hata kama sukari yenyewe inaisha.

Siku ile kuni zilikuwa zimenyeshewa, githeri ikachelewa, na michezo ikaanza kabla hatujala. Nilikuwa nimekula tembe mbili za glukosi kama nilivyofundishwa, lakini mechi iliongezwa dakika. Misuli inayofanya kazi hujichukulia sukari hata bila kuambiwa. Damu yangu ikateremka chini ya milimoli 4 kwa lita, ambapo ndipo hatari huanzia, ikapita hapo ikiendelea kushuka.

Ubongo unakula sukari kuliko kiungo chochote kwa uzito wake, na hauna ghala. Kwa hivyo ulipoona hali hiyo ukapiga mbiu. Habari ilishuka kwa neva kupitia uti wa mgongo hadi kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Pale kati ya tezi hizo kuna seli zilizo ndugu wa damu wa neva, zenye asili moja nazo tangu tumboni mwa mama. Zenyewe ziliacha mikia, zikachagua kumwaga ujumbe wake ndani ya damu. Ujumbe huo ni adrenalini. Yaani neva inanong'oneza tezi, na tezi inatangazia mwili mzima. Ndiyo homoni ile ile inayomfanya swara aruke akimwona simba. Moyo ulianza kupiga ngoma, mikono ikatetemeka, nyusi zikalowa jasho la baridi (hilo jasho lililetwa na neva zenyewe), na ini likaamriwa litoe akiba. Kwa wengi wetu wenye kisukari cha aina hii, glukagoni nayo husahau kuitika siku kama hiyo, kwa hivyo adrenalini hubeba mzigo karibu peke yake.

Pepo mliyemwona, ndugu zangu, alikuwa huyo. Ulikuwa mwili wangu unapigania uhai wake.

"Mwacheni, ana pepo!" nilimsikia mmoja.

"Mpepeeni jamani, apate hewa!"

Mwingine akaleta maji, Mungu ambariki, ila maji hayana sukari. Rafiki yangu wa kitanda cha jirani akaniuliza, "Uko sawa?" nami nikamfokea, "Niko sawa! Niache!" Ubongo ukikosa sukari huwa mkaidi na mkali kama paka aliyekanyagwa mkia. Ukiniuliza nami nikakujibu hivyo, usiniamini. Aliyeniokoa ni kiranja wa michezo, ambaye nyanya yake ana kisukari. Hakuuliza kitu. Alinipokonya mpira, akaniketisha, akaniwekea chupa ya soda mdomoni akasema, "Kunywa, wacha maneno." Nusu chupa ikatosha. Baada ya robo saa nilikuwa naona tena miti ikiwa na majani.

Liko jambo moja linalonitia hofu kuliko kutetemeka, nalo ni kutotetemeka. Mwili ukishukiwa na sukari mara nyingi huizoea hali hiyo, na ile mbiu hupigwa kwa sauti ndogo zaidi na zaidi, hadi mtu anaweza kuzimia bila onyo. Na kuna upande wa pili: hofu ya mtihani nayo huleta adrenalini ile ile, moyo ule ule, jasho lile lile. Kwa hivyo asubuhi ya mtihani, nikihisi mikono inatetemeka, siwezi kujua kama ni maswali ya kemia au ni sukari mpaka nichome kidole. Mkiniona nafanya hivyo mlangoni pa ukumbi, msidhani naloga mtu.

Hivyo nimewaomba watu wanne wa bweni wanitazame. Wananitazama kweli. Nikianza kusoma mstari mmoja mara tatu wakati wa masomo ya jioni, au nikinyamaza ghafla katikati ya kicheko, mmoja wao hunigusa bega. Habari ambayo mwili wangu hauwezi tena kunipelekea inanijia kupitia kidole cha mwenzangu.

Kwa wasio wanne hao: glukosi yangu hukaa mfuko wa kushoto wa sweta, na akiba iko ndani ya dawati langu, kwenye mkebe wa bluu. Nikitetemeka au nikiropoka, nipe hiyo, au nusu chupa ya soda, kisha ngoja dakika 15 unipe tena kama bado. Usinidunge insulini kamwe. Insulini ndiyo iliyonifikisha hapo. Ukinikuta nimezimia, usinimiminie kitu mdomoni nitapaliwa. Nilaze kwa ubavu, ukimbie kwa Sista, ana sindano ya glukagoni kwenye friji yake. Na soda, tafadhali, isiwe ile isiyo na sukari. Kuna mtu alishaniletea hiyo, akasimama kando akingoja nipone.